Mazoezi kwa Maji Mafu

Mzigo uliingia Kilifi kwa basi kutoka Mombasa, umefungwa kwa gunia na kamba ya katani. Ndani mlikuwa na boya la kuogelea la rangi ya machungwa, pedeli za kufungia kiatu pamoja na viatu vyake, usukani wa kulalia viwiko, na suti ya kuogelea ya mwili mzima yenye kilemba chake. Vyote mtumba, isipokuwa suti. Nilikuwa nimeshajiandikisha kwa mashindano ya masafa ya Olimpiki: kuogelea kilomita 1.5, baiskeli 40, kisha kukimbia 10, moja kwa moja bila mapumziko. Kila kipya nilitaka nikijue huku kwetu kwanza, kwenye chumvi na jua hili, kabla ya kukitegemea siku yenyewe.

Nilianza na boya. Ni mfuko unaojazwa upepo kwa mdomo na kufungwa kiunoni kwa ukanda, ukawa unakufuata nyuma unapoogelea. Ukichoka unaweza kulikumbatia ukatweta kidogo, lakini kazi yake hasa ni kukufanya uonekane. Kichwa cha mwogeleaji katikati ya mawimbi ni kitu kidogo mno, na hori ya Kilifi haikosi mashua, ngalawa na boti za injini.

Niliteremka upande wa Mnarani, ng'ambo ya mji, daraja likiwa limenyooka juu ya maji. Mzee mmoja alikuwa ameketi kwenye kivuli anashona jarife.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Wataka kuvuka na hilo chungwa lako?"

"Nataka kuyazoea maji tu, nikiweza nivuke."

Hakuniuliza kama najua kuogelea. Aliniuliza, "Leo mwezi ngapi?"

Nikamwambia mwezi nane, yaani siku ya nane tangu mwandamo. Akatikisa kichwa kukubali, macho yakiwa bado kwenye sindano yake. "Basi ni maji mafu. Ngoja saa nne, yajae yasimame, ndipo uingie. Siku za bamvu usinijie hapa peke yako. Yakianza kutoka yatakupeleka mlangoni, na mlangoni si pa mtu."

Aliyoyasema mzee yana hesabu kamili ndani yake. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, siku za bamvu, maji ya pwani yetu hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na maji yote hayo huingia na kutoka horini kwa kupitia mlango mwembamba. Mwezi ukiwa nusu, siku za maji mafu, tofauti ni kama mita moja tu, na mkondo hupoa. Siku za bamvu maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri. Siku za maji mafu hujaa karibu na saa nne. Kila siku saa ya kujaa husogea mbele kwa kama dakika 50. Ratiba niliyokuwa nikiifuata, iliyoandikwa na watu wa mabwawa, ilinitaka niogelee kila Jumanne na Alhamisi saa kumi na mbili asubuhi. Horini Jumanne haina maana yoyote. Niliipangua ratiba nzima nikaipanga upya kwa mwezi: maji mafu kuogelea mbali, bamvu baiskeli na mbio.

Saa nne niliingia. Suti ilivuta maji papo hapo, ikawa nzito mabegani, halafu baada ya mikono kadhaa ikashika mwili na nikaacha kuihisi. Kilemba ndicho kilichotaka akili. Mkanda wa miwani ukipita chini yake, kinavutwa nyuma kila unapogeuza uso kupumua. Ukipita juu yake, kinatulia na masikio hayaingii maji. Kwa mwanamke anayetaka kujisitiri na bado ashindane kwa nguvu zake zote, jambo dogo kama hilo ndilo linaloamua kama ataendelea na mchezo huu au ataachana nao, na ningependa wasichana wetu walijue mapema.

Watu hunishauri suti nzito ya mpira wanayovaa waogeleaji wa Ulaya. Inafaa kwenye baridi, tena humwinua mtu majini akaelea. Bahari yetu ina nyuzi kama 25 hadi 29 mwaka mzima, na katika mashindano ya Ironman, maji yakizidi nyuzi 24.5, anayeivaa hahesabiwi kwenye tuzo. Pesa hizo afadhali ziende kwenye matairi.

Ndani ya hori hakuna mstari mweusi chini wa kukuongoza. Unainua macho kidogo juu ya maji kila baada ya mikono michache, unatafuta alama, unarudi. Alama yangu ilikuwa nguzo ya daraja. Nilivuka nikagusa mchanga wa upande wa mjini, nikarudi, na boya likinifuata. Nahodha wa boti moja alipunguza mwendo akapita mbali, akanipungia mkono. Ameliona.

Pedeli nilizipeleka kwa fundi. Kiatu cha pedeli hizo kina bamba chini linalojifunga kwenye pedeli, mguu ukawa unasukuma na kuvuta. Kuufungua ni kuzungusha kisigino kwenda nje. Fundi aliigeuza baiskeli, akatoa alenki, akaona skrubu ndogo ya springi pembeni.

"Dada, hii imekazwa kama ya mtu wa mashindano. Nakulegezea. Barabara hii ina matuta na tuktuk, lazima mguu utoke ukiuita."

Akanishikisha mwembe wake nikae juu ya baiskeli, nikafunga na kufungua, kulia, kushoto, mpaka kisigino kikazoea chenyewe. Kisha akafunga usukani wa kulalia, akashusha kiti kidogo, akanitaka nirudi baada ya safari nimwambie mgongo unasemaje.

Safari ilikuwa njia ya Malindi, wakati wa kusi. Kwenda, upepo uko mgongoni. Nilipita Tezo nikiwa mwepesi, suti imeshakauka mwilini, mibuyu inakimbia pembeni. Nikageuka kabla ya Matsangoni, na hapo kusi ikanijia usoni. Mwendo ukiongezeka maradufu, ukinzani wa hewa huongezeka mara nne, na upepo wa mbele huhesabika kama mwendo. Nililaza viwiko, nikakunja mgongo, nikaingiza kichwa katikati ya mabega. Baiskeli ilinyooka na kuongeza mwendo kwa nguvu zilezile. Sijapata kununua kitu kilichonilipa haraka kama vile vyuma viwili. Masharti yake ni kwamba mikono iko mbali na breki, kwa hiyo kila nilipokaribia kituo cha matatu au watoto wa shule niliinuka.

Chumvi iliyokauka kwenye suti ilianza kunikwaruza makwapani na shingoni. Siku hizi napaka mafuta mazito sehemu hizo kabla ya kuingia majini, na nikifika nchi kavu ngozi iko salama.

Kwenye chupa sikuweka vile vijelo vya sukari vya madukani. Niliweka maji ya dafu, ndimu na chumvi. Dafu lina potasiamu nyingi, sodiamu kidogo, na jasho la pwani hutoa sodiamu zaidi, ndiyo maana chumvi haikosekani humo. Mfukoni tende zilizotolewa kokwa. Tumbo langu limekua na vitu hivi, na likipigwa na jua halivigombi.

Niliposhuka baiskeli nikaanza kukimbia papo hapo kuelekea darajani, miguu ilikataa. Mapaja yaliyozoea kuzunguka hayataki kupiga hatua, na mwili unadhani unakwenda polepole wakati saa inasema vingine. Dawa yake ni hatua fupi za haraka mpaka miguu izoee, na kulirudia zoezi hilo kila wiki hata kama mbio zenyewe ni fupi.

Fundi nimemwambia mgongo uko sawa, shingo ndiyo inayouma. Ameinua usukani kwa kidole kimoja. Kaskazi ikianza kuvuma, upepo utageuka: njia hiyohiyo ya Malindi nitaianza kwa kuulalia usukani, nirudi nyumbani upepo ukinisukuma, na siku za kuogelea nitazihesabu tena kuanzia mwandamo.