Kabla ya Kuizunguka Ngazija kwa Gari

Ukiambiwa kuwa kisiwa cha Ngazija kina urefu wa kilomita 60 hivi kutoka kaskazini hadi kusini, huenda ukasema moyoni kuwa hiyo ni safari ya asubuhi moja: mnywe chai mjini Moroni, mzunguke kisiwa kizima, na mrudi kabla ya chakula cha mchana. Wengi hupiga hesabu hiyo. Lakini nchi ya milima haipimwi kwa rula. Ikiwa likizo inakaribia nawe unafikiria kuipeleka aila yako kwa majirani zetu hawa, yafaa mtandaze ramani mezani na mpange mapema.

Ngazija ndicho kisiwa kikubwa zaidi cha nchi ya Komoro, iliyoko baharini kati ya pwani ya Afrika na Bukini, yaani Madagaska. Katikati ya kisiwa umesimama mlima Karthala wenye kimo cha mita 2,361. Huu ni mlima wa volkeno, nao ungali hai. Kwa sababu hiyo barabara inayozunguka kisiwa imejibana kati ya miteremko na bahari. Hupinda, hupanda, hushuka na kukatiza vijijini ambamo watoto na mbuzi wana haki sawa na gari lako. Mashimo nayo hayakosekani.

Jambo la kwanza la kuamua ni mtaanzia upande gani. Huku kwetu magari hupita kushoto. Komoro hupita kulia. Basi ukitoka Moroni ukaelekea kaskazini, kisha mashariki na hatimaye kusini, gari lako litakuwa upande wa mlima muda wote. Ukizunguka kinyume, litakuwa upande wa bahari, pengine kwenye ukingo wenyewe. Mandhari ya bahari yanavutia, lakini dereva mgeni aliyebeba watoto hahitaji mtihani huo. Anzia kaskazini. Na ikiwa hujawahi kushika usukani ulio upande wa kushoto, heri ukodi gari pamoja na dereva wake. Gharama itaongezeka, lakini nawe utapata nafasi ya kutazama nje.

Pili, zitengeni siku tatu. Siku ya kwanza ni ya Moroni. Tembeeni kwa miguu katika vichochoro vya mji wa kale, mwone Msikiti wa Ijumaa wa zamani ulio kando ya bandari, ambao historia yake huanzia mwaka 1427. Wanafunzi wasikose makumbusho ya taifa. Humo wataona samaki ambaye wavuvi wa huko humwita gombesa. Wataalamu walidhani samaki wa jamii hiyo walitoweka duniani mamilioni ya miaka iliyopita, hadi mmoja alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938. Wa pili alivuliwa Komoro mwaka 1952, na wavuvi hawakushangaa, kwani walikuwa wakimjua siku zote.

Siku ya pili piteni Itsandra na Hahaya, kwenye uwanja wa ndege, hadi fuo za Mitsamiouli. Mbele kidogo kuna Ziwa la Chumvi, lililomo ndani ya shimo la volkeno karibu kabisa na bahari. Laleni upande huo. Siku ya tatu shukeni mashariki hadi Chomoni, ambako miamba myeusi hukutana na mchanga mweupe, kisha mpite Foumbouni na kurudi Moroni kupitia kusini. Njiani mtafika Singani, kijiji kilichofunikwa na lava mwaka 1977. Karibu na Moroni kuna Ikoni na majabali yake. Husimuliwa kuwa wanawake wa hapo walijirusha baharini ili wasikamatwe na wavamizi wa watumwa kutoka Bukini, mwanzoni mwa karne ya 19. Wasimulieni watoto kisa hicho kwa heshima, wala pasigeuzwe mahali pa kupigia picha za mzaha.

Kupanda Karthala ni safari nyingine kabisa. Huhitaji kiongozi mwenyeji, miguu imara na mara nyingi kulala mlimani. Kwa hivyo wadogo wabaki chini.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo wageni wengi hulisahau. Mvua hunyesha kwa wingi Ngazija, lakini hakuna mto unaotiririka mwaka mzima. Mawe ya volkeno yana matundu, na maji huzama ardhini papo hapo. Kwa hivyo vijijini watu wengi hutegemea maji ya mvua yaliyokingwa kwenye paa na kuhifadhiwa katika matangi. Mlima ulipolipuka mwaka 2005, majivu yaliyaharibu maji ya matangi hayo, na watu wengi wakateseka kwa kiu. Basi ukipewa ndoo moja ya kuogea, usiulize ya pili iko wapi. Bebeni maji yenu ya kunywa, ya kuwatosha hadi mji unaofuata.

Safirini kati ya Mei na Oktoba, wakati wa ukavu na ubaridi kidogo. Miezi mingine huwa na joto na mvua nyingi. Bebeni vyandarua na dawa, kwani malaria ipo. Badilisheni fedha za kutosha mkiwa Moroni, maana vijijini kadi ya benki ni kipande cha plastiki tu. Vaeni mavazi ya heshima, na adhuhuri ya Ijumaa msipange kuzunguka madukani.

Kuhusu lugha, msiwe na hofu. Kingazija ni ndugu wa Kiswahili, na watoto watafurahia kuyatambua maneno njiani. Maji kwao ni madji. Ukimshukuru mtu, utasema marahaba. Kwa hivyo usimjibu mzee neno hilo ukidhani amekuamkia!

Wahenga walisema msafiri maskini ajapokuwa sultani. Mkilikumbuka hilo, na mkiipa barabara siku zake tatu, mtarudi nyumbani na mengi ya kusimulia. Safari njema.