Yaya Hakutaka Kubebwa



Tulizoea kuisoma habari ya yule aliyepooza, katika sura ya pili ya Injili ya Marko, kana kwamba ni habari yetu. Watu wanne wanambeba mwenzao, umati umeziba mlango, nao wanapanda juu ya nyumba na kutoboa paa. Tulijiambia kuwa wale wanne ni sisi. Sababu ya kujisifu hivyo tulikuwa nayo, kwa maana miongoni mwetu yumo ndugu asiyeweza kutembea tangu alipougua polio utotoni, na kila Jumapili tulimbeba ili avuke ngazi za kanisa. Jina lake hatutaliandika. Tunamwita Yaya, kwa kuwa ametuzidi umri, na riziki yake huipata kwa kutengeneza simu karibu na soko la komini ya Kenya.

Siku moja Yaya alihitaji karatasi kutoka ofisi fulani ya serikali hapa Lubumbashi, akatuomba tumsindikize. Alikuja kwa baiskeli yake ya magurudumu matatu, ile inayoendeshwa kwa mikono. Mbele ya ofisi palikuwa na ngazi saba. Tukafanya kama tulivyozoea: wawili mabegani, wawili miguuni, tukampandisha na kumketisha kwenye benchi. Karani akatutazama sisi, akauliza, "Huyu anataka nini?" Tukajibu sisi. Akauliza tena anaishi wapi, na kama anajua kutia sahihi. Tukajibu tena sisi. Muda wote huo Yaya, ambaye ndiye anayetunza mahesabu ya kikundi chetu kwa sababu sisi wengine hatuaminiki na hesabu, alikaa kimya. Mwishowe karani akasema kwamba msaada wa vilema haukutolewa siku hiyo, turudi siku nyingine. Hakuna aliyekuwa ameomba msaada. Tulikuwa tumefuata karatasi ambayo raia yeyote huipata.

Njiani tulimlaani sana yule karani. Yaya akatuacha tumalize, kisha akasema, "Wadogo zangu, leo mmenibeba kama mfuko wa unga. Na mfuko wa unga hauulizwi neno."

Kwa siku kadhaa hatukujua la kufanya na maneno hayo. Mwenzetu mmoja anayesomea sheria ndiye aliyetuletea maandishi, tukayasoma pamoja baada ya sala ya jioni. Katiba ya nchi yetu, ya tarehe 18 Februari 2006, inasema katika kifungu cha 49 kwamba mtu mwenye ulemavu ana haki ya kulindwa kwa hatua zinazolingana na mahitaji yake, na kwamba Serikali ina wajibu wa kuhimiza awepo katika vyombo vya taifa, vya jimbo na vya mahali. Mwaka 2015 Kongo ilijiunga na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu. Tarehe 3 Mei 2022 ikatoka sheria nambari 22/003, inayolinda na kuendeleza haki hizo hapa kwetu.

Kilichotushtua zaidi kilikuwa ndani ya ule Mkataba. Unasema kwamba kumnyima mtu marekebisho yanayofaa, yale yasiyomlemea kupita kiasi anayeyafanya, huko nako ni kumbagua. Sisi tulidhani ubaguzi ni tusi, ni kufukuzwa, ni moyo mbaya. Kumbe hata ngazi saba zinaweza kumbagua mtu, pasipo mtu yeyote kumchukia. Tangu Septemba 2019 shule ya msingi ya serikali inatolewa bure, nasi tunamshukuru Mungu kwa hilo. Lakini mtoto kiziwi anayewekwa mbele ya mwalimu asiyejua lugha ya alama amepewa nini bure? Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Fratelli tutti wa mwaka 2020, alisikitika kwamba watu wengi wenye ulemavu wanaishi kati yetu kama wageni.

Wala tusidhani kwamba Serikali ikiufungua mlango ni ombaomba watakaopita. Kwa miaka mingi wenye ulemavu walipunguziwa nauli ya kuvuka mto kati ya Kinshasa na Brazzaville, na wengi wao wakawa wafanyabiashara wanaotegemewa na wenzao wenye miguu mizima. Nafuu ile iliwapa kazi.

Baada ya majuma mawili Yaya alirudi kwenye ofisi ile. Tulimfuata, lakini alikuwa ametukataza tusimguse. Akaisimamisha baiskeli chini ya ngazi na kumtuma mmoja wetu apande kuomba, kwa heshima, kwamba karani ashuke na daftari lake. Tukangoja. Jua lilikuwa kali. Watu walipanda na kushuka wakitutazama. Mama mmoja muuza karanga alituonya kwa sauti, "Ninyi watoto hamna huruma? Si mumbebe baba wa watu!" Tuliona haya kweli kweli. Mwenzetu mmoja akasogea, mikono tayari, na Yaya akainua kidole chake tu. Akarudi nyuma.

Ilipita karibu saa tatu. Aliyeshuka hakuwa karani wa siku ya kwanza, bali dada kijana mwenye daftari kwapani na wino mkononi. Akainama kidogo mbele ya baiskeli, akauliza, "Papa, jina lako nani?" Yaya akamtajia jina lake. Kazi yenyewe ilikwisha kwa dakika kumi.

Tulirudi tukiwa na furaha, na jioni ileile tukaandika barua kuiomba ofisi hiyo ijenge njia ya mteremko, au walau iweke meza chini. Tulimpa Yaya aisome. Aliisoma hadi mwisho, akasahihisha makosa mawili, kisha akauliza, "Na ngazi za kanisa, mtamwandikia nani?"

Ngazi za kanisa letu ni nne. Tulikuwa tumeshindana nani ambebe, hatukuwa tumewahi kuzihesabu. Padri alitukubalia haraka kuliko tulivyotazamia, tukachangishana saruji, tukajenga wenyewe kwa majivuno makubwa. Njia hiyo ilikuwa na urefu wa mita tatu. Yaya alipojaribu kuipanda, baiskeli ilirudi nyuma, tukaidaka. Fundi mwashi wa parokia alicheka, akatufundisha kwamba kila sentimita moja ya kimo inadai sentimita kumi na mbili za urefu. Ngazi zetu zina kimo cha sentimita 60, kwa hiyo tulihitaji mita saba na zaidi. Tukabomoa, tukaanza upya, na ikabidi kuchukua sehemu ya bustani ya maua ya kina mama. Mazungumzo juu ya maua hayo yalichukua muda mrefu kuliko ujenzi wenyewe.

Jumapili ya kwanza alipopanda peke yake, sisi wanne tulisimama pembeni bila kujua mikono yetu tuiweke wapi. Baada ya Misa tulisoma tena ile sura ya pili ya Marko, na Yaya akatuonyesha mstari tuliokuwa tukiupita upesi, ule ambapo mtu yule anasimama, anachukua kitanda chake mwenyewe na kutoka mbele ya watu wote.

Barua yetu kwa ofisi haijajibiwa. Juma lililopita tumepeleka ya pili. Hii imeandikwa na Yaya, naye ameianza kwa kifungu cha 49.