Maghala ya Shad Thames

Ami yangu alikuwa baharia, na ndiye aliyenipeleka Shad Thames, London, kando ya mto Thames, mara ya kwanza, mwishoni mwa miaka ya 1970. Kichochoro chembamba, kando yake maghala ya matofali, na juu yetu vidaraja vya chuma vikikatiza toka ghala hadi ghala. Zamani makuli walikuwa wakipitisha mapipa huko juu bila kugusa barabara. "Vuta pumzi, mwanangu. Wasikia?" Nikasikia karafuu, imechanganyika na uvundo wa mto. Kwetu Pemba harufu ile ni ya juani, ya jamvini. Pale ilikuwa imeganda kwenye mbao.

Bohari kubwa kuliko zote, Butler's Wharf, ilikamilika mwaka 1873 kwa ajili ya chai, kahawa, sukari na viungo. Baadaye meli za makontena zikawa kubwa mno kufika katikati ya London, shehena ikahamia bandari ya Tilbury, na mwaka 1972 bohari ikafungwa. Wasanii wakaingia, akiwamo mtengeneza filamu Derek Jarman, kwani nafasi ilikuwa tele na kodi nafuu. Studio yake iliungua mwaka 1979.

Miaka ya 1980 Terence Conran, mwenye maduka ya samani, na wenzake wakalinunua eneo. Ghala la ndizi likawa makumbusho ya usanifu mwaka 1989. Mengine yakakatwa fleti za kuuza au ofisi na kupewa majina ya viungo: Cinnamon Wharf (mdalasini), Clove Building (karafuu). Majina hayo yananikera kidogo, lakini silaani kazi yenyewe. Maana ng'ambo ya mto, kwenye gati za St Katharine, maghala mengi yalivunjwa. Ivory House lilisalimika, lile la pembe za ndovu, biashara iliyoitajirisha Zanzibar na kuwatesa waliozibeba mabegani toka bara.

Juzi nilirudi Shad Thames, nikajifanya mnunuzi wa fleti. Dalali, kijana mchangamfu, alinionyesha ukuta wa matofali uliosuguliwa ukang'aa, kisha masharti: unachonunua ni miaka ya kukaa, ardhi si yako, na kila mwaka kuna ada ya matunzo. Bei inapandishwa na roshani, akasema. Nikamuuliza kama anajua hapo kwenye roshani palikuwa nini. Hakujua. Nikamweleza kuwa palikuwa na mlango wa mizigo, winchi ikivuta magunia toka chini, na kuli akisimama ukingoni kuyadaka. Akatoa simu, akaniomba nirudie polepole ili awe anawasimulia wateja.