Simu mbovu tisa na miche kumi na miwili

Najua nimekuwa kimya. Testi zilitubana, na bumu nalo likachelewa. Leo nimepata upenyo, niwape stori ya hapa chuoni Dodoma.

Klabu yetu ya mazingira imekuja na wazo: leta simu mbovu, ziuzwe, hela inunue miche. Wazo si geni. Kule Australia kuna mpango wa MobileMuster ulioanza 1998, na uliwahi kushirikiana na Landcare Australia: watu wanarudisha simu za zamani, miti inapandwa. Kwetu mimi nilipewa kukusanya bloku letu la hosteli. Siku tatu, simu tisa! Kumbe kila begi lina kaburi lake la simu.

Dada mmoja alileta simu ya laini mbili ya baba yake, iliyokata mawasiliano Juni 2016 simu bandia zilipozimwa nchini. Mzee ameitunza miaka yote akiamini ipo siku itarudi. Alikuja pia na kitochi cha marehemu mama yake, kisha akakirudisha mfukoni. "Hiki hapana, kina meseji za mama." Sikumlazimisha. Ndiyo maana nawaambia wote: kabla hujaleta, toa laini na kadi ya kumbukumbu, hamisha picha zako, halafu futa. Na betri iliyovimba usiitoboe wala kuibonyeza, inaweza kushika moto.

Sasa twende kwenye hela. Fundi simu wa mjini alichukua tatu kwa ajili ya vipuri: vioo, spika, sehemu za chaji. Akatupa elfu kumi na mbili. Kwa miche ya mwarobaini ya buku buku, tumepata kumi na miwili. Zile sita hakuzitaka. Ndani ya bodi za simu kuna dhahabu, fedha na shaba, ila ni kiasi kidogo mno kwa simu moja. Inabidi zikusanywe kwa tani ndipo viwanda kama Umicore pale Hoboken, Ubelgiji, vizichenjue. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba simu moja ni mti mmoja. Faida kubwa ya kuzikusanya zile sita ni kwamba hazitachomwa jalalani pamoja na maganda ya ndizi, moshi wake tukauvuta sisi. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya 2024 inasema mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za elektroniki, na zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa vizuri hazikufika hata robo.

Kinachoniuma mimi ni hiyo miche. Hapa Dodoma mvua zinaanza karibu Desemba, Aprili zimekwisha. Baada ya hapo ni vumbi na upepo miezi na miezi. Na sisi wa ualimu ndiyo kipindi tunachotawanyika kwenda mazoezi ya kufundisha! Tutapanda, tutapiga picha, tutaondoka. Nani atamwagilia? Mwarobaini unavumilia ukame, lakini ukishashika mizizi. Mche mchanga haujui kuvumilia.

Kesho kuna kikao. Wenzangu wanataka tutangaze simu elfu moja, miti elfu moja. Mimi nitapinga, hata wakininunia. Nitaomba hii kumi na miwili ipelekwe shule ya msingi ya jirani, kila darasa lipewe mche wake, na maji ya kunawia mikono yaishie pale kwenye shina badala ya kumwagwa. Ikivuka kiangazi kimoja, ndipo tuongeze. Kama mwalimu mtarajiwa, naona hata hilo ni somo tosha.

Mwenye simu mbovu chini ya godoro ailete bloku letu. Na mwenye dumu asilisahau.

Haya wadau, Mungu akipenda nitawapa matokeo ya kikao. Nakimbilia pindi!