Thika, Mji wa Mito Miwili

Matatu ya 237 ilipokuwa ikipita Ruiru, nilitafuta mibuni dirishani. Mji huu ndio ulioipa jina Ruiru 11, aina ya kahawa inayostahimili magonjwa, iliyoanza kugawiwa wakulima mwaka 1985. Leo mashamba mengi ya kando ya barabara kuu yameota ghorofa. Nilishukia Blue Posts, hoteli inayopokea wasafiri tangu mwaka 1908.

Anayetaka kujua Mombasa ilivyoanza hushuka bandarini. Thika haina bahari. Ina mto Chania na mto Thika, yote miwili ikitoka milima ya Nyandarua, na hoteli imekaa katikati yake. Ngazi za kuteremkia maporomoko ya Chania zilikuwa zimelowa rasharasha. Mvua ilikuwa imenyesha huko juu, na maji yalikuja mekundu, mazito, yamebeba udongo wa mashamba ya watu. Bibi harusi aliinua gauni lisiguse tope huku mpiga picha akipaza sauti: “Madam, usirudi nyuma! Hapo hapo!” Mngurumo ulimshinda, akabaki kuelekeza kwa mkono.

Nairobi inaitegemea mito hii miwili. Bwawa la Ndakaini limezuia mto Thika huko juu, na maji ya Chania husafishwa Ngethu kabla ya kuingia mabombani. Yanayobaki huteremka hadi mto Tana, na mwisho wake ni Kipini, Bahari Hindi.

Nikavuka daraja la Chania, nikapita boda boda na wauza mananasi, hadi bustani ya Mugumo. Kwangu mimi, hapa ndipo penye moyo wa Thika. Wazee wa Kikuyu husimulia kwamba nabii Mugo wa Kibiru alitabiri kuja kwa wageni na nyoka wa chuma. Reli ilifika Thika mwaka 1913. Alisema pia kwamba utawala wa wageni ungekwisha siku mti wa mugumo uliokuwa hapa utakapoanguka. Inasimuliwa kuwa wakoloni waliuzungushia mti huo chuma ili usimame. Mwaka 1963 radi iliupasua, ukaanguka, na mwaka huo huo Kenya ikapata uhuru.

Ulimwengu unaijua Thika kupitia kitabu alichokitoa Elspeth Huxley mwaka 1959, kumbukumbu za mtoto wa walowezi. Ni kitabu kizuri, lakini kinauona mji kutoka barazani kwa mlowezi. Habari za mugumo bado ziko vinywani mwa wazee, na wazee wanapungua.

Ndiyo maana nakuomba: ukienda kutazama maporomoko, usirudi Nairobi kabla ya kufika bustani ya Mugumo. Wapeleke watoto, na mkimkuta mzee pale, mwamkieni, kisha mwombeni awasimulie.