Samli ya kibuyu: kutoka Mpanda hadi Mpimbwe

Mpanda ni mji uliokuzwa na reli. Tawi la reli linalotoka Kaliua, lenye urefu wa kilomita 210, lilifikishwa hapa baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia kwa ajili ya machimbo ya madini ya risasi. Machimbo yakafungwa, treni ikabaki. Sisi tuliokulia hapa katika miaka ya 1980, Mpanda ikiwa bado sehemu ya Mkoa wa Rukwa, tuliijua siku ya treni kwa biashara iliyojaa stesheni: asali ya miyombo, samaki wakavu wa Ziwa Tanganyika, na samli ya ng'ombe katika chupa zilizozibwa kwa gunzi la mhindi.

Ni samli hiyo iliyoturudisha Katavi mwezi Septemba. Mama yetu, ambaye maradhi yamemwondolea hamu ya chakula, aliitaja mara tatu katika wiki moja. Tulimnunulia samli ya kopo dukani, tukampakia juu ya wali wa moto. Alionja kijiko kimoja, akasukuma sahani taratibu na kusema, "Haya ni mafuta tu, wanangu."

Tulipita barabara ya lami inayotoka Tabora kwa njia ya Sikonge na Koga, katikati ya misitu ya miyombo yenye mizinga ya nyuki juu ya miti. Sokoni Mpanda asali ilikuwa tele. Samli tuliipata kwa mtu mmoja tu, nayo ilikuwa laini mno, haina zile chembechembe ambazo samli safi huzifanya inapopoa. Tulipomuuliza muuzaji kwa upole, alikiri kwamba ameiongezea mafuta ya kupikia ili itoshe. Tulimshukuru kwa kusema kweli, tukaondoka. Muuza maziwa aliyekuwa jirani yake alituonesha upande wa kusini: "Nendeni Mpimbwe, kwa wenye ng'ombe."

Hapo tulijifunza jambo ambalo utotoni hatukulijua. Sehemu kubwa ya nchi hii ilikuwa makao ya mbung'o, na ng'ombe walikuwa wachache. Makundi makubwa yaliingia na wafugaji wa Kisukuma, waliohamia bonde la Rukwa kwa wingi kuanzia miaka ya 1970. Samli tuliyoidhania kuwa ya kale kama vilima, kumbe ilikuwa rika letu.

Tulipita Sitalike, ambako viboko hujibana katika madimbwi ya Mto Katuma wakati wa kiangazi, tukavuka nchi ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyoanzishwa mwaka 1974, tukateremka Kibaoni na kuelekea Majimoto. Katika kijiji kimoja tulielekezwa kwa bibi wa Kisukuma aliyesifika zamani kwa samli. Tulimwamkia, "Mwangaluka, mayu," akacheka kwa matamshi yetu, akatukaribisha kivulini.

Samli hakuwa nayo. Alitufafanulia sababu bila kunung'unika. Kilo moja ya samli hula zaidi ya lita 20 za maziwa, na ng'ombe wa kienyeji wakati wa kiangazi hutoa kidogo sana, tena baada ya ndama kunyonya. Zamani hapakuwa na mnunuzi wa maziwa mabichi kijijini, hivyo yaliyozidi mahitaji ya watoto yaligeuzwa samli, yasiharibike. Leo pikipiki huja alfajiri na fedha mkononi. "Na wajukuu wangu waliokuwa wakisuka kibuyu wako shuleni," aliongeza. "Niwatoe shule kwa ajili ya samli?" Hatukuwa na la kujibu, wala hatukutaka kulitafuta.

Alikitoa kibuyu chake cheusi, akatuambia tunuse. Papo hapo tulirudi utotoni. Harufu ile tuliyokuwa tukiitafuta haikuwa ya maziwa, ilikuwa ya moshi. Kibuyu husafishwa, kisha hufukizwa kwa kijinga cha moto ndipo maziwa yatiwe. Maziwa hugandia humo, husukwa mpaka siagi ijikusanye, siagi huoshwa kwa maji baridi hadi ukali uondoke, kisha huchemshwa kwa moto mdogo mpaka kelele ya maji inyamaze chunguni. Moshi wa kibuyu hubaki katika mafuta mpaka mwisho. Kopo la dukani halina kosa lolote. Halikupita katika kibuyu, basi.

Tulimwomba atutengenezee masika, nyasi zitakapoota na maziwa kuzidi. Alisita, kwa kuwa wateja wengi huagiza kisha wasirudi, naye akabaki na hasara. Ndipo tukakumbuka mauziano ya salam, ambayo Mtume (S.A.W.) aliyaruhusu kwa sharti la kipimo kinachojulikana na muda unaojulikana. Tulilipa bei yote palepale, kwa kiasi alichokitaja yeye, ambacho hakikupungua thamani ya maziwa ambayo angewauzia wenye pikipiki. Mjukuu wake wa darasa la sita aliandika kwa mwandiko mzuri: kilo mbili za samli safi ya kibuyu, isiyochanganywa, mwisho wa Februari. Hatukumfunga kwa ng'ombe fulani, ili mmoja akifa au akikauka ahadi isivunjike. Majirani wawili walishuhudia.

Kama mama ataifikia Februari, Allah ndiye ajuaye. Tulipompigia simu kutoka Majimoto na kumweleza habari ya kibuyu na moshi, alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama bibi yule hukifukiza kwa mti gani. Hatukuwa tumeuliza. Tuligeuza gari.