Mteja kutoka Goma, Mwaloni Kirumba

Mwaloni Kirumba utaufikia kwa pua kabla ya macho. Magunia ya dagaa yamepangwa hadi juu, wabebaji wanapiga kelele wapishwe, na katikati ya lafudhi za Kisukuma na Kikerewe utasikia Kiswahili kingine chenye "niko na" nyingi. Hicho ni cha Wakongo, wateja wa siku nyingi wa soko hili.

Juzi nilikwenda na binti yangu wa miaka tisa. Mama mmoja wa Goma alikuwa akikagua gunia, akamchotea dagaa kiganjani.

"Shikamoo mama. Kwenu hakuna ziwa?"

"Marahaba. Iko, Kivu. Samaki yetu ni sambaza. Lakini haitoshi watu wote."

Akaendelea kusimulia huku akifunga gunia. Mei 22, 2021 (sisi Mwanza jana yake tulikuwa tumetimiza miaka 25 tangu MV Bukoba izame), mlima Nyiragongo ulipasuka jioni. Uji wa moto ulifunika makazi ya kaskazini mwa mji, nyumba yake ikiwamo, ukakoma karibu na uwanja wa ndege. Siku tano baadaye mamia ya maelfu waliamriwa kuhama, wengi wakatembea hadi Sake.

Watu wa Goma hawakuwa wageni wa janga hilo. Januari 2002 moto ulipita katikati ya mji hadi ziwani, nao wakajenga juu ya mawe yale yale. Naye alirudi, akasimamisha chumba cha mbao. Mwisho wa mwaka huohuo M23, waliokuwa wameshindwa mwaka 2013, wakaanza tena vita. Mwaka uliofuata wakimbizi wa Rutshuru walijaa Kanyaruchinya, kwenye ardhi ileile ya waliounguliwa. Januari 2025 Goma yenyewe ikatekwa. Benki zikafungwa, na mtaji wake ukabaki ndani.

"Volkano ni afadhali," alisema. "Ikipita, jiwe linapoa, unajenga."

Safari hii alichukua magunia mawili tu. Zamani, mwenye mzigo aliniambia, alikuwa akijaza nusu lori.

Kwenye daladala binti yangu alikuwa bado ameshika dagaa wake, akitazama majabali ya vilima vyetu.

"Baba, na haya yalitoka kwenye moto?"

Nikamwambia ndiyo, zamani mno.

"Yalishapoa?"

"Yalishapoa."